Mashine ya Babu Iliyofungwa Kinyume

Jamani, kaeni niwape! Mashine ya babu ya kukereza miguu ya viti imezunguka! Tangu azikwe imelala kibandani, kuku wanataga chini yake, halafu mimi na kicheti changu cha ufundi umeme nimeiamsha!

Ila roho ilikuwa mkononi. Kibanda karithi mjomba, kaka yake mama, na alishamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. "Isipokereza mti leo, inapakiwa," kaniambia. "Haijawahi kunipenda hiyo, na mwenyewe hakunipenda."

Mwenyewe ndiye babu. Waligombana, mjomba akaenda zake kuendesha malori, hawakupatana tena.

Basi nikasugua kutu kwa msasa, nikatia grisi, nikabadilisha beringi na mkanda. Kufungua mota, nyaya zimeungwa kinyume! Nikacheka, babu naye kwa kuungaunga! Nikaziweka kama tulivyofundishwa chuoni.

Kuwasha tu, ikanguruma, na ile harufu ya mbao na mafuta ya moto ikanirudisha utotoni, maranda yamenijaa nywele, babu ananipukuta huku anajifanya kukasirika. Kidogo nilie. Nikasimama upande wa ukutani, maana kiegemeo cha patasi kimefungwa huko. Kugusa mti kwa patasi, pah! Ulikuwa unazunguka kutoka chini kwenda juu badala ya kuishukia patasi, ukairusha mpaka kwenye bati la paa.

"Injinia wetu!" mjomba akaangua kicheko. "Leo tutavujiwa!"

Nje lori la vyuma likapiga honi. Mama alikuwa mlangoni muda wote.

"Rudisha nyaya alivyoziacha baba," akasema.

"Mama, zilikuwa kinyume."

"Aligeuza makusudi. Na kiegemeo akakihamishia huko, ili mtu wa mashoto akereze bila kujipinda."

"Kwani babu alikuwa wa mashoto?"

"Wapi! Kulia kabisa." Akamgeukia mjomba. "Wa mashoto ni wewe, kaka. Alimaliza kuigeuza umeshaondoka. Nikimwambia airudishe ilivyokuwa, ananijibu, kaka yako atakuja tu. Akakereza hivyo hivyo, amejipinda, mpaka mgongo ukamkatalia. Na alinikataza nisikwambie, eti usije kwa kumhurumia."



Nikageuza nyaya chapuchapu. Mjomba akakunja mikono ya shati, akapita ukutani, akashika patasi kwa kushoto. Maranda yakaanza kutoka marefu, laini, yanamwangukia viatuni. Mguu wa kiti wenyewe sasa! Mnene huku, mwembamba kule, kama karoti. Mama anacheka huku anajifuta macho kwa kanga.

Honi ikalia tena.

"Mwambieni aende zake!" mjomba akafoka bila kugeuka. "Na wewe binti, unashangaa nini? Lete mti mwingine, huu nimeuharibu."