Simu Kutoka Lhasa

Hapana, hakuwa mgonjwa. Hata Damaris, rafiki yetu, aliuliza hivyo hivyo alipofika kwake Bani Malik, Jeddah, na soda zake, akakuta Hamidulla amejifungia jikoni.

Hamidulla ni Mtibeti. Watu humwita Mchina, anakasirika mpaka masikio yanakuwa mekundu. Waislamu wako huko kwao, wachache, na yeye ni mmoja. Tulijuana Riyadh, yeye akipika hoteli ya Olaya, mimi nikiendesha gari la bosi. Alipohamia Jeddah, nikishuka huko lazima nilale kwake.

Sasa dadake yuko Lhasa, huko kwao Tibet. Miaka sita hawakuongea, maana dada akipokea simu ya nje, polisi wanakuja kumuuliza. Halafu akatuma neno kwa mtu: Ijumaa nitapiga kwa simu ya kuazima, mjukuu wangu yuko nyumbani. Mtoto wa miaka saba, lakini analala shule ya bweni ya serikali tangu wa miaka minne, na huko ni Kichina tu! Hamidulla hajawahi kusikia sauti yake. Ijumaa hiyo nilikuwa kwake; alfajiri akaamka kutengeneza momo, kama sambusa hivi lakini za mvuke. Akavaa kofia mpya.

Simu ya video ikalia. Dada akalia, kaka akalia. Mtoto akaletwa. Hamidulla akamsalimia Kitibeti, pole pole. Mtoto akamwangalia nyanyake, akajibu Kichina. Na nyanya hakuelewa! Wakamwita jirani atafsiri. Mungu wangu, mtoto na nyanyake, nyumba moja, mpaka jirani asimame katikati! Nilihisi baridi, na Jeddah ile ni jua kali.

Simu ikakatika. Mimi na mdomo wangu huu, nikataka kumtuliza. "Pole, ndugu. Hata mjukuu wangu Ian, kule kwetu Kapsabet, Kenya, hajui Kinandi. Ni Kiingereza tu."

Akageuka. "Nani alimchukua?"

"Hakuna."

"Shule ilikataza?"

"Wapi! Tuliacha tu."

"Hakuna polisi?"

"Mafi, hakuna kabisa."

Alinitazama vile unatazama mtu amechoma nyumba yake na bado anacheka. Akaingia jikoni, mlango tap, akafunga.

Hapo ndipo Damaris alipofika na soda zake. Nilipomweleza Damaris, akasema, "Babu, mimi nikuambie nini? Si una simu?"

Nikampigia Rael, mamake Ian. Nipe kijana. "Chamgei," nikamsalimia Kinandi. Akacheka. "Guka wa Saudi, what?" Hata kuniita babu ananiita kwa Kikikuyu, ameokota shuleni! Nikarudia. Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo, Hamidulla akatoa kichwa. "Tena."

Nikasema tena. Na tena. Jasho linanitoka kama napanda mlima. Mara ya sita, Rael akimnong'oneza pembeni, kijana akajibu, "Chamgei mising." Jibu lenyewe la salamu, kavu kavu, ulimi mzito.

Hamidulla hakutabasamu. Alifuta unga mikononi, akabeba sufuria ya momo, akaiweka kwenye mkeka.

"Yalla, tuleni, zimepoa," Damaris akasema.

Tukakaa, sote watatu, tukala.