Nafasi Mbele ya Themanini

Jana usiku niliota sanduku langu la bati likipiga hodi kutoka ndani. Lilibisha mara tatu, kwa adabu. Nikavua ufunguo shingoni, nikafungua, nikaikuta barua ya mahari imekaa kitako juu ya suruali zangu.

"Karani," ikasema, "umeniacha mlango wazi. Upepo unaingia."

Inabidi niieleze barua hiyo, ingawa ndotoni hakuna aliyeniuliza. Mimi ni Wendelini, karani wa ushirika kwa miaka kumi na tisa. Barua ni ya Edeltruda, mtoto wa dada yangu, niliyemlea tangu baba yake afariki. Jana mchana wazee walikaa wakapanga: mahari yenyewe 700,000/=, mkaja wa mama 150,000/=, blanketi la bibi 60,000/=, koti la mjomba 80,000/=. Mjomba ndiye mimi. Mchumba, Chelestino, ni fundi baiskeli. Alishamtuma mshenga kusema ana laki tisa na elfu tisini, hana zaidi. Ndoa imeshasogezwa mara mbili, na Edeltruda alisema ikisogezwa tena hataolewa na mtu yeyote.

Kila kiasi nilikiandika inavyotakiwa: mkato baada ya tarakimu tatu kutoka kulia, alama ya shilingi mwishoni, kisha maneno, kisha "tu" ili asiongeze mtu. Isipokuwa koti. Mbele ya themanini niliacha nafasi ya upana wa kidole, na nyuma yake sikuweka maneno wala "tu". Jumla nayo niliiacha tupu, nikasema nitajumlisha asubuhi. Wazee wakasaini, maana karani ni mimi. Kila mtu anajua bei ya koti siku hizi.

Basi, tumo ndani ya barua. Ni saa sita mchana. Karatasi imetandazwa kama turubai la kuanikia mahindi, na mistari yake inanifika magotini. Themanini elfu wamekaa kwenye mstari wao: Nane mnene mbele, sufuri nne nyuma, na Mkato kajikunja katikati yao.

"Mimi nahesabu watatu kutoka kulia, nakaa," Mkato ananiambia. "Yanayotokea kushoto sihusiki."

Kushoto anatokea Moja. Ni mrefu, mwembamba, amevaa koti jipya la kijivu ambalo lebo yake bado inaning'inia.

"Kiti changu kiko wapi?"

"Nani amekuita?"

"Wewe. Si umeniwekea nafasi?"

Anakaa mbele ya Nane. Kiti kinamtosha kabisa, kwa sababu nilikipima mwenyewe. Koti la mjomba sasa ni laki moja na themanini.

Hapo blanketi la bibi, lililo mstari wa juu, likaanza kupungua. Likawa shuka, likawa taulo, likawa kitambaa cha kufutia miwani.

"Fedha za kijana ni zile zile," likasema. "Akiingia mtu huku, lazima atoke mtu kule." Kisha likaisha.

Bado zilihitajika elfu arobaini. Mkaja wa dada yangu ukaanza kufunguka kiunoni, naye akaushika kwa mikono miwili bila kunitazama. Mama yangu, bibi mwenye lile blanketi, alikuwa amekaa pembeni, miguu nje.

"Wende," akasema, "miguu yangu ina baridi."

Nikageuka nimtafutie kitu cha kumfunika, nikajikuta ofisini kwangu, ushirika. Kwenye meza, juu ya mstari wa Jumla, amesimama Edeltruda akiwa na sare ya darasa la pili. Ndipo nilipomfundisha kuandika viasi vya fedha, kwenye meza hiyo hiyo, kwa risiti zilizoharibika.

"Mjomba, uliniambia ukiacha nafasi, mtu atakaa."

"Nilikwambia."

"Hii uliiacha kwa ajili ya nani?"

"Ni nafasi ya kawaida ya kiofisi."

Moja akakohoa ndani ya koti.

"Mjomba."

"Kwa ajili yangu," nikasema. Niliona aibu sana, ingawa wengi waliokuwepo walikuwa tarakimu.

Moja akainuka bila ugomvi. Akavua koti, akanikabidhi. Nikalijaribu, halikupita mabegani.

Mlangoni akaingia Tu, mfupi, amebeba kigoda chake.

"Niko nje tangu jana," akasema. "Wenzangu wote waliitwa."

Akaketi mwisho wa mstari, akafumba macho kama mlinzi yeyote. Edeltruda akachukua kalamu yangu, akaziba ile nafasi kwa mistari miwili. Akaandika taratibu, huku mkia wa kila "t" akiukunja kushoto, kosa ambalo nilishindwa kumtoa.

Nikaamka. Ufunguo ulikuwa shingoni, na kufuli la sanduku limefungwa. Nikaitoa barua. Mbele ya 80,000/= kulikuwa na mistari miwili, na baada yake: shilingi elfu themanini tu. Chini, kwenye Jumla: 990,000/=, shilingi laki tisa na elfu tisini tu. Nikazitazama zile "t". Mikia yote ilikunjwa kushoto.

Sebuleni mshenga alikuwa ameshafika, anakunywa uji. Nikampa barua. Akauliza kama imekamilika, nikamwambia imekamilika.

"Shikamoo mjomba," Edeltruda akasema.

"Marahaba. Umelalaje?"

"Salama. Ila nimeota."

Alikuwa akinimiminia uji. Kidole gumba chake kilikuwa na wino wa bluu.

"Koti unataka la rangi gani?" akauliza.

"Yoyote," nikasema, "ila lisiwe la kijivu."