Maji ya Nyumba Moja

Bomba lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza kidogo, kisha maji yakaja. Wala si matone. Yalikuja kwa kishindo, yakamrukia mchoraji kifuani akiwa amesimama na mswaki mdomoni.

"Mke wangu," aliita, "njoo uone maajabu."

Mkewe alikuja na kitana mkononi. Alikuwa msusi, na wateja wake aliwaosha nywele pale pale uani, kwa maji aliyoyabeba mwenyewe kutoka kisimani, barabara ya pili. Aliyakinga yale maji kwa kiganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jamani, kuna kicheko cha furaha na kuna kicheko cha mgongo uliochoka.

Mtaa mzima ulimwita mumewe Baba Ndoo. Ndilo jina alilojipa mwenyewe katika katuni yake ya kila Jumamosi gazetini: jamaa mwembamba, masikio kama vipini vya sufuria, anaoga kwa kikombe huku redioni Mheshimiwa akitangaza kuwa maji yamefika. Huyo Mheshimiwa alikuwa tumbo lililofungwa tai, basi. Watu walicheka, wakalipitisha gazeti dirisha hadi dirisha. Na mchoraji alikuwa na mwiko mmoja: hakuchora lisilomkuta. Mkewe akimnunia nyumbani, ananuniwa gazetini. Mama mkwe alipomwita mvivu, nchi nzima ilisoma.

"Jirani," mkewe aliita juu ya ukuta, "na kwenu yanatoka?"

Mama Pacha alifungua bomba lake. Kimya. Wa nyumba ya pili naye akajaribu, na wa mkabala, wapi. Maji yalikuwa yametoka nyumba moja tu, na kila aliyekuwa amesimama uani kwake aliijua ni ipi.

Simu ililia mswaki ukiwa bado mdomoni. Alikuwa mhariri, sauti laini isivyo kawaida yake.

"Mkurugenzi wa maji kanipigia mwenyewe. Anasema tatizo limeshughulikiwa. Na wewe si unasema huchori lisilokukuta? Basi yamekukuta maji. Chora hayo."

Mchoraji alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Walimjua vizuri, hao watu. Wangemtisha, angewachora wakimtisha. Wangemfungia gazeti, angepata sifa. Wao wakamfungulia bomba.

"Usianze," alisema mkewe, maana alishamwona anajikuna sikio. "Wiki hii chora paka."

"Hatuna paka."

"Nitakutafutia. Sikiliza, mume wangu. Wewe unazichora ndoo, mimi ndiye ninayezibeba. Niache nipumzike."

Lilikuwa neno la haki, na lilimchoma.

Akatoka kwenda kununua wino. Pale kona, fundi viatu, mzee aliyezoea kuwasomea wapita njia katuni yake kwa sauti, alikuwa ameinamia soli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mheshimiwa."

Hakuwa anatania, wala hakuinua uso. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mchoraji alikuwa ameshiba tangu asubuhi ile ile tu, lakini tayari walimwona amenenepa. Aliona aibu mpaka masikioni, na masikio yale, tusidanganyane, yana nafasi.

Alinunua wino, akarudi mbio mezani. Hakuanza na penseli kama siku zote, aliingia moja kwa moja na wino, mkono ukijua unakokwenda. Kisanduku cha kwanza: Baba Ndoo anaoga, povu mpaka utosini, anaimba. Cha pili: mlango unabishwa, nje majirani na ndoo zao. Cha tatu: anajibu kutoka bafuni, "Tatizo limeshughulikiwa!" Cha nne kilimpa taabu. Alikichora, akakifuta kwa wino mweupe, akasubiri ukauke, akakichora tena. Mlango umefunguliwa. Aliyesimama kizingitini, taulo kiunoni, ana masikio ya vipini vya sufuria, na juu ya taulo kuna tumbo la Mheshimiwa, na tai yake.

Katika maisha yake yote hakuwahi kuchora kitu kizuri kama kile. Alijua hivyo, na furaha ilimjaa hata akaogopa kusimama.

Mkewe alikuwa uani, vidole ndani ya povu la mteja. Mchoraji akaishika karatasi mbele ya macho yake. "Sijaituma," alisema. "Sitaituma kabla hujasema."

Mkewe alitazama kisanduku kimoja kimoja. Kwenye cha nne alikaa sana. Mteja naye akainua kichwa, povu likimtiririka, akachekea puani.

"Tumbo umelipendelea," alisema mkewe mwishowe. "Liongeze kidogo."

"Wakiiona watafunga."

"Najua watafunga. Gazeti linatoka lini?"

"Kesho alfajiri."

Alimsuuza mteja wake taratibu, mpaka povu la mwisho, akamfunga taulo. Kisha akaenda ukutani.

"Mama Pacha, leteni ndoo. Na madumu, na mabeseni, na masufuria. Waambie wote, mpaka kule kisimani."

"Kwani kuna nini?"

"Yanatoka leo tu," alisema, akavuta pumzi. "Mume wangu amemaliza kazi."

Mchoraji aliongeza tumbo, akaipiga picha karatasi, akaituma kwa dole gumba lenye wino. Aliporudi uani mkewe alikuwa amekwisha kuchomeka mpira kwenye bomba, akamkabidhi ncha yake. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na ndoo ya kwanza ilikuwa inakaribia kujaa.