Muuaji Hutajwa na Mwenye Nyumba

Kila Krismasi, vyombo vikishaondolewa mezani, mume wangu hufuta miwani kwa ncha ya shati, hukohoa kama anayetaka kuhutubia bunge, kisha hufungua kitabu chake cha hadithi za upelelezi. Kitabu ni kilekile tangu tulipooana. Kila hadithi iliyomo inatokea Krismasi, na katika kila hadithi tajiri mmoja mwenye roho mbaya anakutwa amekufa kwenye chumba cha vitabu, huku theluji ikiwazuia wageni wake kuondoka. Sijawahi kuelewa kwa nini watu wale wanaendelea kualikana.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule, na amestaafu kazi bila kustaafu ukaguzi. Akifika pale mpelelezi anapowakusanya wote sebuleni, anafunga kitabu, kidole kikiwa ndani, na kutuuliza mmoja mmoja muuaji ni nani. Muuaji tunamjua sote. Hadithi zenyewe si nyingi, zinazunguka na kurudi, na sisi si wajinga. Lakini yeye anaamini kwamba Januari ikiingia tu, vichwa vyetu vinafutika kama ubao.

Kwa hiyo tunakosea. Wifi yangu, dada yake mume wangu, humsingizia mpishi. Mimi humtaja mtunza bustani, masikini wa Mungu, ambaye hajawahi kumrushia jiwe hata kunguru. Binti yetu hubadilisha kulingana na hali yake ya moyo. Baada ya hapo mume wangu hutabasamu, husema, "Hamkusikiliza," na kutusomea mwisho, nasi tunashika vichwa kwa mshangao. Kumvisha mtu kilemba cha ukoka mara moja kwa mwaka si kazi ngumu, na hutuletea amani hadi Pasaka.

Mwaka huu binti yetu alimleta mchumba wake. Ni mpima macho, kijana mpole, na alikuja kuomba ridhaa. Asubuhi binti alinifuata jikoni, akaniambia, "Mama, baba akikataa, sitaolewa kwa ugomvi. Lakini nitaumia sana." Nikamtia moyo, tukampa kijana maelekezo: asikalie kiti cha mzee, asiguse mambo ya siasa, asiongeze chumvi kabla ya kuonja. Habari ya muuaji hakuna aliyeikumbuka. Tumeusema uongo ule miaka mingi hadi tukasahau kwamba ni uongo.

Hadithi iliyosomwa ni ile ya tajiri aliyetiliwa sumu kwenye kahawa. Mume wangu aliisoma kwa sauti zote, hadi ya yule mjane, ambayo humkausha koo. Akafunga kitabu. "Haya, mgeni aanze. Nani kaua?"

"Daktari," kijana akajibu papo hapo. "Anasema ametembea kwenye theluji toka kijijini, lakini viatu vyake vikavu. Alikuwa ndani ya nyumba muda wote."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kazini kwake mtu huulizwa anaona nini, naye husema anachoona, basi kijana wa watu alidhani na hapa ni vivyo hivyo.

"Kitabu hiki umekisoma," mume wangu akasema.

"Hapana, baba. Ndiyo kwanza nakisikia."

"Basi umechungulia mwisho nilipokwenda kunawa. Mtu wa kuchungulia mwisho wa kitabu cha watu atachungulia mengi. Binti yangu simtoi kwa mtu kama huyo."

Alisema kama mzaha, lakini namjua: akikunja kitambaa cha meza namna ile, hatanii. Binti yangu aliinamisha kichwa. Wifi yangu akamkanyaga kijana mguu chini ya meza, akamnong'oneza kwa sauti ambayo hata jirani lazima aliisikia, "Sema mpishi!"

Kijana akavuta mguu wake. "Baba, nimefikiri tena. Huenda ni mpishi."

"Mpishi?" Uso wa mume wangu ukaanza kukunjuka. "Kwa nini mpishi?"

"Ana... visu."

"Lakini marehemu amekufa kwa sumu, mwanangu."

"Aliipaka kwenye visu."

"Kwenye visu! Na kahawa ilikatwa kwa kisu?" Mume wangu akacheka hadi akavua miwani. "Una safari ndefu ya kujifunza, kijana, lakini moyo wako mzuri. Nadhani tutaelewana." Wifi yangu alipumua kwa nguvu. Mimi nilikuwa tayari nahesabu kwamba harusi ipo.

Binti yetu akasimama. "Usithubutu," akamwambia mchumba wake. "Usianze hivyo kabla hata hujanioa." Akamgeukia baba yake. "Baba, ni daktari. Mwaka juzi alikuwa daktari, na nilipokuwa mdogo alikuwa daktari. Tunajua wote. Tunakosea makusudi ili ufurahi."

Mume wangu alimtazama dada yake, ambaye ghafla alikuwa na kazi ya kuokota makombo. Kisha akanitazama mimi. "Mke wangu, na wewe ulijua?"

Ningeweza kumtaja mtunza bustani. Ulimi ulishajiandaa. Lakini binti yangu alikuwa bado amesimama, nikaona aibu kumwacha peke yake. "Nilijua," nikasema. "Kila mara."

Aliweka mkono juu ya jalada la kitabu. Nilimhurumia kwelikweli. Mtu mzima kuambiwa kwamba furaha yake yote ya mwaka ilikuwa ya kutungiwa si jambo dogo. Hatimaye akamgeukia kijana. "Umejionea mwenyewe. Ukioa humu ndani, huenda usiambiwe ukweli mpaka unazeeka. Bado unamtaka?"

"Huyu ameusema sasa hivi, baba, mbele yangu," kijana akajibu. "Tena mimi ndiye niliyeanza kusema uongo."

Mume wangu akatikisa kichwa taratibu. "Basi muoe upesi," akasema, "kabla hajafanana na mama yake."

Wote wakacheka, na binti yangu akalia huku akicheka. Nami nikacheka, kwa mazoea, kabla sijajiuliza kama kweli nilikuwa nimefurahi.