Jumapili ya Eligio Jikoni

Tangu azaliwe, Eligio alikuwa hajawahi kukanda donge la mahindi, wala kukunja kesadiya, ile chapati ya mahindi yenye jibini ndani. Mahindi yenyewe ameyalima, ameyavuna, ameyabeba mgongoni mpaka nyumbani. Lakini yakishavuka kizingiti cha jikoni yalikuwa mali ya mkewe, Crescencia, ambaye kijiji kizima chini ya mlima Malinche, huko Mexico, kinamwita Chencha. Leo sasa, Jumapili ya Agosti, mvua imetoka kupiga na maua ya maboga yamejaa kapuni, mzee mzima kasimama mbele ya kaango la udongo, aproni ya mkewe imembana kitambi, moyo unamwenda mbio kama bwana harusi. Alikuwa na furaha mpaka akajishangaa.

Chencha alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, mkono wa kulia ndani ya plasta. Aliteleza mashineni kwenye maji ya chokaa yanayochuruzika kutoka ndoo za mahindi yaliyochemshwa nayo ili yalainike, akaangukia kiganja. Daktari hakumficha: mkono huu ukikanda chochote kabla plasta haijatolewa, mfupa utaunga kombo, na hutakunjua vidole tena maisha yako. Chencha akaitikia, "Ndiyo, daktari," kwa adabu zote. Kesho yake alfajiri Eligio akamkuta jikoni anakanda kwa mkono wa kushoto, huku anasukumia kwa plasta!

Hapo waligombana hasa.

"Mtakula nini sasa? Mawe?" Chencha alifoka.

"Nitapika mimi."

Chencha alicheka mpaka akashika mbavu. Alipoona mumewe hacheki, akajifuta machozi. "Haya, mzee wangu. Jumapili utapika kesadiya. Beseni moja la donge. Likiisha hujanipa hata moja iliyofumba mdomo vizuri, narudi jikoni kwangu, na wewe na daktari wako msinisemeshe tena."

Kwa hiyo mnaelewa kilichokuwa ndani ya lile beseni. Ulikuwa mkono wa Chencha.

Eligio aliyachemsha mahindi na chokaa mwenyewe, akayaosha, akayapeleka mashineni, akapanga foleni na wanawake wenye vitambaa kichwani. "Kompadre, umepotea njia?" aliuliza Domitila, jirani aliyemsimamia mtoto wao ubatizo. "Baa iko upande ule!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Domitila hakutosheka na hapo. Alimfuata mpaka nyumbani, akajitafutia kigoda, akakaa kutazama. Sinema ya bure nani ataiacha?

Nabor, mwana wa Eligio na Chencha, kijana wa miaka thelathini asiyejua hata chumvi inakaa wapi, naye akasogeza kiti mezani akangoja kula.

Donge la kwanza Eligio alilibana kwenye kibanio cha kubapazia chapati bila kutandika nailoni. Likaganda juu na chini, akawa analikwangua kwa kijiko. La pili lilitoka zima, duara lake la kuridhisha, akalitupia kaangoni kwa mbwembwe. Likang'ang'ania pale pale.

"Chokaa!" Domitila uzalendo ulimshinda. "Hulipaki kaango maji ya chokaa, mtu wangu? Unataka liachie kwa maombi?"

"We Domitila!" Chencha akaruka. "Nani kakwambia umfundishe?"

"Aa, mimi nimeongea na kaango."

Eligio akapaka chokaa, kaango likageuka jeupe, na kuanzia hapo chapati zikawa zinaachia. Furaha ikampanda kichwani. Akaanza kujaza: jibini ya nyuzinyuzi, maua ya maboga, jani la kunukia la epazote. Akajaza, akajaza tena. Akikunja tu, puu! Inapasuka ukingoni, jibini inamwagikia kaangoni, moshi unatanda, mbwa anapiga chafya.

"Baba," Nabor alisema akiokota mojawapo, "hii ni kesadiya au ramani ya Mexico?"

"Kula na unyamaze."

Nyingine ikapasuka. Na nyingine. Kijasho kikawa kinamdondoka Eligio puani, na kila alipochungulia beseni, kitako chake kilikuwa kinaonekana zaidi. Chencha alikuwa ameshavaa kandambili. Kidogo kidogo alikuwa anajiinua kitini, mkono mzima ukitafuta ukuta wa kushikia.

"Kaa, Chencha! Bado lipo."

"Limebaki moja, mzee. Tena kavu. Lione."

Kweli lilikuwa kavu, limefanya nyufa kama kisigino. Eligio alilishika akitaka kulia kwa hasira. Halafu zile nyufa akazitazama vizuri. Jamani! Ujana wake wote amefyatua matofali ya udongo. Udongo ukipasuka pembeni, mtu anauongezea nini? Maji! Udongo una kiu, basi!

"Una kiu wewe!" alilipigia donge kelele, na Domitila akajishika kifua akidhani kompadre wake karukwa na akili.

Akachovya mikono ndani ya maji, akakanda, akachovya tena, mpaka donge likawa laini kama sikio la mtoto. Akabana. Akaweka jibini kidogo, ua moja, jani moja. Akakunja taratibu, akabana ukingo kwa dole gumba kutoka pembe hadi pembe, akailaza kaangoni. Akaigeuza. Ikaanza kututumka katikati, ikavimba, ikajaa, na mdomo wake umefumba tii!

"Imevimba! Chencha, imevimba!" Eligio alirukaruka na aproni yake. Domitila akapiga vigelegele. Nabor akanyoosha sahani.

"Toa sahani yako hapa!" Eligio akampita, akaipeleka mlangoni.

"Mpe mtoto kwanza," Chencha alisema. "Itapoa."

"Mtoto gani, mwenye ndevu? Kula, mama."

Chencha aliing'ata. Jibini ikavutika, mvuke ukampanda usoni. Akatafuna polepole, akaacha, machozi yakaanza kumtoka.

"Chumvi imepungua?" Eligio aliuliza, moyo umemshuka.

Chencha akatikisa kichwa. "Kumbe ikiwa ya moto iko hivi?" alisema. "Miaka yote hii nawapikia, yangu nailia kwa kusimama, mwisho, imeshapoa. Sikujua mnakula kitu kitamu namna hii."

Nabor aliinamisha macho. Eligio aibu ilimshika, na juu ya aibu hiyo ikampanda furaha nyingine kubwa zaidi.

Chencha alimaliza, akalamba vidole vya mkono mzima, akavua kandambili, akaegemea kiti.

"Lete nyingine."

"Donge limekwisha, mama."

"Basi mimi hapa siinuki."

Eligio akanyakua ndoo ya mahindi yaliyobaki, akatoka mbio kwenda mashineni kabla hawajafunga, aproni inapepea, na barabara nzima inamcheka.