Dagaa wa Mbalamwezi

Kwa miaka kumi na moja Kasimiri aliwavulia dagaa mafundi wenzake wa Keko bila kutoa mguu kwenye vumbi la mbao. Saa ya chai ikifika, akishaweka msasa chini na kukohoa kikohozi chake cha kwanza, huyo anaingia ziwani. Ni Ukerewe, ni usiku, na nahodha ni yeye, kijana wa miaka kumi na tisa anayetegemewa na watu wazima watatu. Mbalamwezi inawaka hadi unaweza kusomea gazeti. Dagaa wanapanda mtumbwini wenyewe, kwa foleni, kama wanagawiwa kitu. Mtumbwi unapasuka, kiboko anaibuka, Kasimiri anavua shati anaziba ufa. Shati lenyewe lilibadilika rangi kila wiki. Mafundi waliijua hadithi hiyo kuliko sala zao, na siku akimsahau kiboko walimkumbusha.

Hakuna aliyeumia. Chai iliisha, sofa zikatoka. Shida ilianza siku Loveness alipokuja kuagiza viti hamsini.

Loveness alikuwa anafungua mgahawa wa samaki wa ziwani kule Mbezi Beach, sangara na sato na dagaa, kwa ajili ya watu ambao bahari wanaiona dirishani kila asubuhi hadi wameikinai. Aliikuta hadithi imefika kwenye kiboko. Akasimama na mkoba wake begani mpaka ufa ulipozibwa, kisha akasema habari ya viti itasubiri, kwanza anamtaka huyu mvuvi. Awe anakaa mgahawani mchana na kofia ya ukindu, anawapigia wageni stori za ziwa wakati samaki wao wanakaangwa. Mshahara upo, na feni za dari zipo.

Kasimiri hakusikia zaidi ya neno feni. Daktari alishamwambia mara mbili kwamba achague kimoja, vumbi la mbao au kifua chake. Mara ya pili alimwambia huku anaandika, bila kumtazama, na daktari asiyekutazama huyo si wa kubishana naye.

Kulikuwa na sharti moja dogo. Jumamosi aje ahadithie mbele ya Mbwana, mtu atakayemletea Loveness samaki. Mbwana akimpitisha, kazi ni yake.

Kasimiri aliuliza uliza, akaambiwa Mbwana ni mzaliwa wa Temeke, mwana wa wavuvi, na yeye mwenyewe alivua dagaa wa baharini kwa taa miaka ishirini kabla ya kuhamia kwenye biashara. Akashusha pumzi. Mtu wa maji ya chumvi atajua nini habari za ziwa?

Jumamosi akakaa chini ya feni, sahani ya dagaa wa kukaanga katikati ya meza, na ukutani mwezi mpevu uliotoka kuchorwa, mkubwa kama gurudumu la lori. Akaanza. Mtumbwi ukatoka ufukweni, karabai nne zikawashwa juu ya maji, mbalamwezi ikamwagika. Mbwana alikuwa anatafuna taratibu, macho kwenye sahani.

"Ngoja hapo, nahodha. Huo mwezi ulikuwa na siku ngapi?"

Mwenye akili angeliona shimo. Kasimiri aliona ngazi, akapanda.

"Kumi na nne. Umejaa kama sinia."

"Na karabai mkawasha."

"Nne, braza. Nimezihesabu mwenyewe."

Mbwana akacheka mpaka akashika meza. Alipopata sauti akamgeukia Loveness, akamweleza kwamba dagaa anafuata mwanga. Mwezi ukijaa, mwanga uko kila mahali, sasa wakukusanyikie kwenye kitaa chako wana shida gani? Siku hizo wavuvi wa taa, wa chumvi na wa ziwani, wanakaa nyumbani wanashona nyavu na kugombana na wake zao.

"Sie kwetu nusu ya watoto ni wa mbalamwezi," alisema. "Huyu nahodha wako, madam, usiku huo alikuwa peke yake ziwani. Yeye na kiboko."

Kasimiri alikohoa, safari hii bila vumbi. Akachukua dagaa mmoja sahanini, akamfikicha kwa kidole gumba.

"Hawa wameanikwa mchangani, si kwenye chanja," alisema. "Wakanyeshewa, wakaanikwa tena. Mama yangu alikuwa anaanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mie nilikuwa nawageuza kwa ufagio na kufukuza ndege. Mtumbwi sijawahi kupanda. Maji nayaogopa."

Mbwana akaacha kucheka. Akatafuna tena, safari hii kwa makini, mchanga ukamlia kwenye meno, akatikisa kichwa kukubali. Hapo, alisema, sasa anaongea mtu anayejua.

Kasimiri akapata matumaini, akatamka haraka haraka kwamba anaweza kuwa mchagua dagaa wa mgahawa, hatapita hata mmoja mwenye mchanga. Loveness alimsikiliza kwa adabu zote.

"Kaka Kasimiri, mtu atoke Masaki na familia yake, aje kusikiliza habari za ufagio?"

Akaonyesha ukutani. Mwezi ulishachorwa, na mchoraji alishaondoka. Mbwana akasema huo ni uongo mtupu. Loveness akamuuliza, kati ya wateja wao, nani anayejua mwezi unajaa lini. Mbwana akafikiri, akakiri kwamba wenye jenereta hawatazamagi juu.

"Lakini mie nimesema ukweli, madam," alisema Kasimiri.

"Nimeusikia, na ni mzuri. Usiurudie."

Akaanza Jumatatu, na kofia yake, na wavu wa maonyesho begani. Wateja wanamrekodi kwa simu. Mzee mmoja aliyestaafu benki alifuta machozi shati lilipoziba ufa. Mafundi wa Keko walipoleta viti, Kasimiri alimsahau kiboko makusudi ili wamkumbushe, lakini wao walikaa kimya, mikono magotini, kama watu waliokuja kwa mkubwa.

Ila asubuhi, kabla hajavaa kofia, anakaa uani na ungo, anapepeta dagaa wa siku hiyo na kuwatoa mchanga. Hakuna aliyemtuma. Mbwana anapita hapohapo uani na maboksi yake ya barafu, na hajawahi kupita kimya.

"Nahodha, mwezi una siku ngapi leo?"

"Kumi na nne."

"Na jana?"

Kasimiri huupuliza mchanga kwenye ungo, pumzi moja ndefu, isiyokatwa na kikohozi.

"Kumi na nne."