Mswala wa Watu Wawili

Mama alipiga simu akasema anakuja Ijumaa alasiri. Basi mimi, mwanamke mzima mwenye cherehani tatu na wateja wasumbufu, nikashika mkasi na kuanza kufumua.

Nilichofumua ni mswala. Sakafu yetu ni ya vigae, na miswala miwili ikitandikwa bega kwa bega huteleza, kila mmoja ukashika njia yake. Zamani niliiunganisha kwa uzi mzito, ukawa mswala mmoja wa watu wawili: mimi na Fundi Friji, mwanamke ninayempenda na ninayeishi naye mwaka wa sita sasa. Kwamba tunalala kitanda kimoja Mama alijua, nilimwambia mwenyewe. Kwamba tunasali pamoja ndilo nililoogopa ajue.

Maana siku nilipomwambia, hakunifukuza wala hakulia. Alisema tu, "Sala yako sasa haivuki dari." Mwaka mzima sikusali. Fundi Friji ndiye aliyenirudisha. Alinikuta nalia wakati wa adhana, akasema, "Aliyekuumba anakujua kuliko mama yako. Inuka utie udhu, maji yenyewe yanakaribia kukatika." Nikainuka. Tangu hapo nasali kwa raha na nampenda kwa raha, wala sijaona kimoja kikimsukuma mwenzake nje.

Mama akafika na mkoba wake, ndani yake mswala wake wa miaka yote.

"Shikamoo, mama," Fundi Friji akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa mafriji? Langu linanguruma siku hizi."

"Nitakuja kuliangalia."

"Lini?"

Sikuamini masikio yangu. Lakini furaha yenyewe haikudumu, kwani Mama aliinama pale kwenye kiti tulipoikunja miswala, akapitisha kidole ukingoni. Kushona nimefundishwa naye.

"Hapa palikuwa na mshono."

"Ulifumuka, Mama."

"Haukufumuka. Umefumuliwa, tena kwa mkasi butu."

Nilitamani sakafu inimeze. Bahati nzuri adhana ya magharibi ikaniokoa. Tulipokwisha kutia udhu, nikatandika miswala mitatu kwa safu, wa Mama katikati, maana mwanamke anayewasalisha wenzake husimama kati yao. Mama akauvuta wake pembeni, upande wa kulia.

"Nyumba hii ya nani?"

"Yetu."

"Basi mwenye nyumba ndiye anayesalisha. Simama katikati."

Hakuna mtu anayemfuata kwenye sala mwenzake ambaye anaamini sala yake inagonga dari na kurudi.

Nikasoma sura fupi kuliko zote ninazozijua, tena kwa haraka. Rakaa ya pili tulipokwenda kusujudu, mswala wa Mama ukachomoka na kuteleza naye hadi kwenye kabati la vitambaa. Upande wa kushoto nikamsikia Fundi Friji akibana pumzi. Angecheka, sala yake ingekuwa imekwisha. Mimi mwenyewe niliuma midomo mpaka salamu ya mwisho.

"Umesoma mbio utadhani umeacha chungu motoni," Mama akasema kutoka kabatini.

Tukacheka wote watatu, machozi yakatutoka. Yangu hayakukoma. Nikamwuliza, "Mama, na ile dari?"

Alijisugua goti.

"Miaka sita namwomba Mungu akubadilishe. Wewe uko vilevile, tena umenenepa. Mimi ndiye niliyebadilika. Nikajua dua imejibiwa." Akanishika mkono. "Nisamehe, mwanangu."

Nilimkumbatia. Fundi Friji naye akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wake wa bisibisi.

"Wewe," Mama akamwambia, "acha kujificha. Niletee sindano na uzi mzito. Unitungie, macho yangu si ya jana."

Akashona pale pale sakafuni, mshono ulionyooka kuliko wangu, na hakuacha kunieleza hivyo. Alipomaliza kuiunganisha ile miwili, akauvuta na ule wake, akaupanga ubavuni na kuendelea kushona.

"Mama, huo ni wako. Nyumbani utasalia nini?"

"Nyumbani kuna mkeka." Akakata uzi kwa meno. "Huu nitaukuta hapa Ijumaa ijayo."